Doa Kwenye Jua la Mzee Wangu

Asubuhi hiyo jua lilichomoza likiwa na kipele.

Usicheke. Najua unachowaza. Sinywi, sivuti, na macho yangu huenda ni mazima kuliko yako.

Lilikuwa jua zima, jekundu, mviringo kama sahani, na pembeni kidogo ya katikati lilikuwa na kitu cheusi. Kipele kabisa.

Ilikuwa siku ya tatu ya lile vumbi. Upepo ulilitoa huko mbali ulikolitoa, ukaja kulimwaga juu yetu, halafu ukaondoka zake. Hewa ikaganda. Ukikohoa, unatoa makohozi ya rangi ya matofali. Ukitafuna mkate, unasikia mchanga. Jirani yangu wa chini alikuwa akisafisha koo kila alfajiri kwa sauti ya trekta linalokataa kuwaka, kisha anayatema makohozi palepale kwenye ngazi, na mimi nayaruka nikiwa nimeziba pua. Kinyaa kitupu.

Lakini kwa mpiga picha vumbi lile lilikuwa zawadi. Siku za kawaida ukilielekezea jua kamera unaiunguza, na jicho pia. Siku hiyo ukungu wa vumbi ulikuwa umelichuja jua mpaka likawa pole. Nikapanda juu ya paa na lenzi yangu ndefu, nikalitazama kwa kioo cha nyuma ya kamera, nikabonyeza.

Ndipo nikakiona.

Cha kwanza nilichofanya ni kuifuta lenzi. Cha pili ni kutukana, na nina sababu.

Baba yangu anaitwa Mzee Doa. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake.

Zamani alikuwa mpiga picha wa gazeti. Siku moja ukatanda ukungu kama huu, naye akalipiga jua. Picha moja tu, maana filamu ilikuwa imefika mwisho, na jioni ikanyesha mvua ikaosha anga lote. Alipoipeleka kazini, mhariri aliiinua mbele ya chumba kizima.

"Mtu asiyeweza kufuta lenzi yake," akasema, "makamasi yake anafutiwa na nani?"

Kwenye picha palikuwa na doa jeusi. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Baba akasema doa liko juani. Wakacheka zaidi.

Tangu hapo akawa Doa. Kazi wakampunguzia kidogo kidogo mpaka akaondoka mwenyewe. Akafungua kibanda cha picha za pasipoti, na jina likamfuata mpaka kibandani. Shuleni mimi nilikuwa mtoto wa Doa. Niliwahi kupigana kwa ajili ya jina hilo, ila nisijipake mafuta kwa mgongo wa chupa, sikuwa namtetea baba. Nilikuwa namwonea aibu.

Kwa hiyo usishangae kazi niliyoishia nayo. Nasafisha picha. Mtu analeta uso wake, mimi natoa chunusi, makovu, mikunjo, nywele za puani. Kutwa nzima natazama matundu ya pua ya watu kwa ukaribu ambao hata daktari haombi. Nikiona doa popote, mkono unacheza wenyewe.

Basi pale juu ya paa nikafuta lenzi, nikapiga tena. Kipele kipo. Nikabadilisha lenzi. Kipo. Nikageuza kamera ili jua likae kwenye kona ya picha, maana uchafu ukiwa ndani ya kamera haubanduki mahali pake hata ufanyeje.

Kipele kikahama pamoja na jua.

Nikapiga tena, kikahama tena.

Kesho yake, saa ileile, paa lilelile, kilikuwa kimesogea upande mmoja. Kesho kutwa kikasogea tena. Uchafu hautembei, jamani. Lilikuwa jua linazunguka na doa lake.

Baba yangu hakuwa mchafu.

Nikachapisha picha tatu, moja kwa kila siku, nikaenda moja kwa moja kwa kinyozi. Yule mhariri amestaafu siku nyingi, na kila asubuhi yupo pale, kwenye kiti cha dirishani, ingawa hana hata nywele za kunyoa. Baba akipita nje, yeye hugonga kioo na kupiga kelele, "Doa! Leo umeoga?"

Nikamwekea picha mapajani.

"Hizi nimepiga mimi. Niambie na mimi lenzi yangu chafu."

Akavaa miwani. Kinyozi akazima mashine. Mzee yule alizitazama muda mrefu, huku akichokonoa sikio kwa kidole kilekile alichokuwa akishikia picha zangu.

"Hili ni doa la jua," akasema mwishoni. "Nimeyasoma haya. Unaona limezungukwa na pete iliyofifia? Vumbi la lenzi halina pete."

"Basi baba alisema kweli."

"Wewe ndiye umesema kweli. La baba yako lilikuwa uchafu." Akafuta kidole kwenye shuka la kinyozi. "Ila ile negativu yake, kile kipande cha filamu chenyewe, si anayo? Alikuwa anaitunza kama cheti. Ilete hapa. Ikiwa na pete kama hii, nitakwenda kwa miguu yangu mpaka mlangoni kwake, nimwombe radhi, na nitamwita kwa jina lake mbele ya mtaa mzima."

"Mimi shahidi," kinyozi akadakia.

Nikachukua picha zangu, nikasema nakuja sasa hivi. Nikatoka nje kifua mbele. Hatua ya nne au ya tano hivi, nikasimama.

Nilikuwa nimekumbuka lile kopo.

Miaka sita nyuma, baba alipotimiza sabini, nilitaka kumfurahisha. Nikalichukua kimyakimya kopo la biskuti alimotunzia negativu yake. Nilipolifungua, harufu ikanipiga usoni, siki na soksi. Ukungu ulikuwa umeota pembezoni mwa filamu, manyoya manyoya ya kijivu, yanateleza vidoleni. Nikaipitisha kwenye skana haraka huku nimegeuza uso. Kwenye kompyuta nikaliona lile doa, nalo likanitia kinyaa kama ule ukungu. Mkono ukacheza wenyewe. Mibofyo miwili, likatoka.

Sikuangalia hata kama lilikuwa na pete.

Nikahifadhi ile safi peke yake, nikaichapisha kubwa, nikaitia fremu. Negativu nikaishika kwa karatasi ya choo, nikaitupa kwenye taka pamoja na maganda ya viazi. Halafu nikanawa mikono mara mbili. Baba alipokea zawadi, akashukuru, akaenda kuitundika bafuni, juu ya ndoo ya maji. Nilichukia kweli, lakini nikasema moyoni, uzee huo.

Sasa nilikuwa nimesimama barabarani na vumbi mdomoni, na ile radhi ambayo baba yangu angeombwa niliitupa mimi kwenye maganda.

Nikamkuta sebuleni akipangusa redio. Nikampa picha. Alizisogeza dirishani, akazikaribisha mpaka puani, maana macho yake yamechoka siku hizi.

"Limetembea," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na lina pete! Unaiona pete, mwanangu? La kwangu lilikuwa nayo! Niliwaambia mimi, nani alinisikiliza?" Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Sijawahi kumwona baba yangu akicheka hivyo.

Nikajikaza.

"Mhariri anataka negativu. Anasema ikiwa na pete atakuja hapa kukuomba radhi."

Kicheko kikaisha taratibu. Hakuinua macho kutoka kwenye picha.

"Na wewe umemjibu nini?"

"Baba, niliitupa."

"Najua."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Kopo nililikuta jepesi wiki ileile," akasema. "Na ile fremu uliponiletea, nililitafuta doa langu kutoka juu mpaka chini. Nikasema labda ni macho." Akazipanga picha zangu vizuri, kingo juu ya kingo. "Yule bwana aliniita mchafu, nikabishana naye. Wewe ukaja ukaniogesha bila kuniuliza. Sasa picha iliyoogeshwa ningeitundika wapi?"

Miaka sita, kila nilipomtembelea, nilikuwa nanawa mikono mbele ya ile fremu.

Nimeonea kinyaa makohozi ya jirani, pua za wateja, sikio la mhariri. Siku hiyo nilijionea kinyaa mwenyewe, mpaka nikatamani kujitoka mwilini.

Nikarudi kwa kinyozi, nikamwekea mhariri zile picha tena, nikasimama katikati ya watu.

"Negativu haipo. Niliitupa mimi, na doa nililifuta mimi. Mzee wangu hakukosea kitu."

Mhariri akanirudishia picha zangu, zikiwa na alama za vidole vyake.

"Basi hakuna ushahidi," akasema, akarudi kuchokonoa sikio. Kinyozi akawasha mashine.

Radhi ikaishia hapo.

Jioni nikaingia bafuni kwa baba kuishusha ile fremu. Nilitaka nikaivunje mbali. Nikasogea, nikaishika, nikasimama hapohapo.

Mvuke wa miaka sita ulikuwa umepenya chini ya kioo. Ukungu ulikuwa umeanza kuota kwenye picha, kidogo tu, nukta moja nyeusi. Ilikuwa juani, pembeni kidogo ya katikati, imezungukwa na pete ya kijivu.

Bila kufikiri nikafungua vibano vya nyuma, nikachomoa kioo, nikainua pindo la shati langu.

"Usiguse," baba akasema nyuma yangu.

Nikalishusha shati.

"Rudisha kioo," akasema. "Kisha iweke sebuleni."

Siku hizi wateja wananilalamikia kwamba nachelewesha kazi. Kabla sijatoa kitu kwenye uso wa mtu, namuuliza. Hili kovu nilitoe au nikuachie? Wengi wanasema toa, tena haraka. Wachache wanajigusa shavu kwanza, halafu wanasema acha.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, kuna mtu wako unayemwonea aibu kwa jambo ambalo hujawahi kulichunguza. Kabla hujamsafisha, muulize kama ni mchafu. Mimi sikuuliza, na baba yangu bado wanamwita Doa.