Sentensi ya Bakoly

Bakoly Razafindrasoa alikuwa mshonaji wa kofia za nyuzi za rafia pale Ankazomena, mji wetu mdogo wa nyanda za juu za Madagaska, na mpaka anafika miaka arobaini hakuwahi kuwa na shauri lolote na serikali. Alishona, akauza, akalea wanawe wawili, na Jumapili akaimba sauti ya pili kanisani. Shauri lilimfuata kupitia kwa mdogo wake, Tovo.

Tovo alikodiwa kuswaga ng'ombe wa mtu hadi mnadani. Njiani askari walimsimamisha, na ikagundulika kwamba ng'ombe wale ni wa wizi. Aliyemkodi akatoweka, Tovo akawekwa ndani. Kwetu kesi ya ng'ombe si mchezo. Watu wanauana kwa ajili ya ng'ombe, na hakuna hakimu anayetaka ionekane amemwonea huruma mwizi. Tovo akaambiwa asubiri tarehe ya kesi. Mwaka ukapita, na wa pili, wa tatu nao ukawa unayoyoma, na tarehe haikutoka.

Gerezani walikula mihogo mikavu ya kuchemsha, mara moja kwa siku. Wali aliula mwenye ndugu wa kumletea. Kwa hiyo Bakoly akawa anabeba sufuria ya wali na mboga za majani, pamoja na chupa ya maji yaliyochemshwa na ukoko wa wali, na kusimama kwenye foleni ya wanawake mbele ya lango. Hapo ndipo tulipojuana. Mimi naitwa Haingo, nilikuwa mkalimani wa chama kidogo cha wanasheria wa Antananarivo kilichokuwa kinafuatilia habari za mahabusu.

Ukafika mwaka ambao nchi yetu ilikuwa na zamu ya kuulizwa na mataifa mengine kule Geneva. Chama chetu kikapata nafasi ya kuzungumza na wanadiplomasia miezi michache kabla ya siku yenyewe, na mkubwa wetu akataka aende mtu mwenye ndugu gerezani. Nikamfuata Bakoly nyumbani kwake. Alinisikiliza huku sindano haisimami.

"Hao watu wa Geneva wanaweza kumfungulia Tovo?"

"Hapana, dada. Ile si mahakama."

"Sasa nikafanye nini huko?"

Nikamweleza kwamba kila nchi ina zamu yake ya kukaa mbele ya wenzake. Inaulizwa inavyowatendea watu wake, inapewa mapendekezo, na inapaswa kujibu lipi inalikubali na lipi inalikataa. Baada ya miaka kadhaa inaitwa tena na kuulizwa imefanya nini.

"Kama kikao cha ukoo," akasema. "Mume anaulizwa anavyoishi na mkewe."

"Hivyo hivyo."

"Na hao wanaouliza, kwao kuko sawa?"

"Wengine kwao kubaya kuliko kwetu. Lakini nao zamu yao inafika."

Akakata uzi kwa meno. "Haya. Nitaenda."

Aliyepinga ni Tovo mwenyewe. Siku ya kumwona alishika wavu kwa vidole vyote kumi na kuongea kwa sauti ya chini. "Dada, ukienda kuwasema kule, huku nitakiona cha moto mimi."

"Nikinyamaza utatoka?"

Tovo alitazama sufuria, akatazama askari jela aliyesimama pembeni. Mwishowe akasema, "Basi usisahau mihogo. Waambie ina wadudu."

Geneva ilikuwa na baridi ya kuumiza meno. Ukumbi ulijaa wanadiplomasia, na sisi tulipewa dakika tano. Bakoly alisema kwa Kimalagasi, mimi nikatafsiri kwa Kifaransa. Alimtaja Tovo, akaeleza foleni ya lango na vyumba ambamo watu hulala kwa zamu. Mihogo hakuisahau. Wengine waliandika, wengine walikuwa na simu zao. Mwishoni walipiga makofi na kwenda kunywa kahawa.

Mimi nilikuwa nakusanya mikoba yetu. Bakoly alikuwa bado amesimama.

"Makofi nimeyapata," akasema. "Sasa kati ya hawa nani atasema siku yenyewe?"

"Ni juu yao, dada. Wakipenda watasema."

"Basi twende tukawaulize kama wamependa."

Tukawafuata mezani mmoja mmoja. Wa kwanza, bwana mwenye miwani, alitueleza kwa upole kwamba nchi yake ilikwisha kuchagua ya kutuambia: misitu, na wasichana waendelee na shule. Bakoly alimwambia misitu ni jambo jema, akamuuliza kama hawezi kuongeza la tatu. Hakuweza. Wa pili alitupa kadi yake na kuondoka kabla sijamaliza kutafsiri. Nilianza kuona aibu. Bakoly alikuwa ameuza kofia kwa wapita njia tangu usichana wake, na mtu kumgeuzia mgongo hakukumtia unyonge.

Wa tatu alikuwa mwanamke kijana wa nchi ya visiwa, ndogo kiasi kwamba watu wake wote wangeenea katika kata moja ya Antananarivo. Alitukaribisha tukae.

"Siku hiyo tutapewa dakika moja tu," akasema. "Nipeni sentensi moja. Iwe ni sentensi ambayo serikali yenu haitaweza kuijibu kwa kusema 'tunalifanyia kazi'."

"Sema wamwachie Tovo," Bakoly akajibu papo hapo.

"Jina la mtu mmoja sitaweza kulitaja, mama. Samahani."

Nilipomtafsiria, Bakoly alisukuma kikombe chake pembeni. Uso ulimbadilika. Nafikiri ndipo alipoelewa kwamba alikuwa amesafiri njia yote ile, na ndugu yake aliyemfanya asafiri hatatajwa siku yenyewe. Yule mwanamke hakumharakisha.

"Basi sema hivi," Bakoly akasema hatimaye. "Mtu asiyehukumiwa, wakishindwa kumfikisha kwa hakimu, wamrudishe kwao."

"Ndani ya muda gani?"

Bakoly akanigeukia. "Hilo mwulize mkubwa wako. Mimi nikitaja muda nitasema 'kesho', na watacheka."

Nikampigia simu mkubwa wetu, akafikiri kidogo, akasema miezi sita. Ikawa hivyo.

Siku ya zamu yetu ilipofika Bakoly alikuja ofisini kwetu Antananarivo tutazame pamoja kwenye kompyuta. Umeme ulikatika mapema, kama kawaida, tukahamia kwenye simu yangu na kubanana. Nchi baada ya nchi ilisimama kutupongeza. Bwana mwenye miwani akaja na misitu yake. Bakoly alikuwa anahesabu pongezi kwa vidole mpaka akachoka. Kisha akaja yule mwanamke wa visiwani. Alisoma haraka, maana kipaza sauti hujizima chenyewe dakika ikiisha, na sentensi ya Bakoly ilikuwa ya mwisho kwenye karatasi yake. Aliimaliza.

Waziri wetu wa sheria alijibu kwamba katika magereza yetu hakuna anayekaa bila sababu ya kisheria.

"Anadanganya," Bakoly akasema, bila hasira, kama mtu anayesema mvua inanyesha. "Lakini amesikia."

Miezi ikapita tena, serikali ikatoa majibu yake. Misitu ilikubaliwa. Mapendekezo mengine mengi yaliwekwa kando kwa maneno matamu. Lile la miezi sita lilikubaliwa. Kwa nini, mpaka leo sijui. Mkubwa wetu alidhani walikubali kwa sababu kulikataa mbele ya watu kungewatia aibu, na waliamini hakuna atakayefuatilia.

Bakoly alifuatilia. Kila Alhamisi, baada ya kupeleka wali, alikwenda ofisi ya mwendesha mashtaka pale Ankazomena. Mara za kwanza alifukuzwa mlangoni. Siku niliyomsindikiza tuliingia, na mwendesha mashtaka hakuinua macho.

"Mama, Geneva iko mbali sana na hapa."

"Najua, mheshimiwa, nimefika. Lakini aliyekubali si Geneva. Aliyekubali ni mkubwa wako."

Bwana yule akaweka kalamu chini. "Unanitisha?"

"Hapana. Nakukumbusha. Alhamisi ijayo nitakukumbusha tena."

Alhamisi iliyofuata alikwenda na wanawake wanne wa foleni, na nyingine wakawa wengi hata ngazi za ofisi hazikutosha. Hawakupiga kelele. Walikaa wakashona. Habari ikamfikia mtu redioni, na kutoka redioni ikafika wizarani, ambako safari hii kulikuwa na ahadi iliyotolewa mbele ya dunia. Ikaja amri ya kufungua vikao maalumu vya mahakama kwa mahabusu wa muda mrefu.

Mzee mmoja aliyekuwa akilala ubavuni mwa Tovo alifariki kabla zamu yake haijafika. Tovo alisikilizwa asubuhi moja, kwa muda usiotosha kupika wali. Hakuna shahidi aliyejitokeza. Akaachiwa.

Alitoka amekonda, magoti hayamshiki vizuri. Hakutaka kusikia habari za Geneva wala za mahakama, na dada yake alipofunga sufuria Alhamisi ya kwanza, waligombana.

"Nimeshatoka, dada. Unampelekea nani?"

"Kuna kijana wa kusini, hana ndugu huku."

"Hiyo ni kazi ya serikali."

"Ndiyo. Na miaka michache ijayo wataulizwa tena kama wameifanya. Mimi nataka siku hiyo niwe na la kusema."

Tovo alilalamika mpaka wakafika sokoni. Siku hizi anambebea sufuria hadi kona ya duka la mikate, mahali ambapo lango bado halionekani. Hapo anaishusha, anakaa kwenye ngazi za duka, na Bakoly anaendelea na wanawake wenzake.