Kadi Ndani ya Debe la Mchele

Kadi ya mtandao ya laptop ya bosi wa mume wangu ilikubali kufanya kazi Jumapili moja mchana, muda mfupi baada ya kutolewa ndani ya debe la mchele. Tulioshuhudia tulikuwa watatu: mume wangu, mama mwenye nyumba wetu, na mimi. Fundi cherehani aliyekuwa barazani hakuona kitu, lakini alisikia, na kwa jambo hili kusikia kulitosha.

Nieleze kwanza kadi ilivyofika kwenye mchele.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tumepanga chumba kimoja Temeke, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na uwanja wa kupikia nyuma. Mimi nilikuwa nahudhuria kesi na kuchapa habari za mahakamani kwenye gazeti dogo. Mume wangu alifanya kazi Kurasini, kwa wakala mmoja wa kutoa mizigo bandarini. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka kwenye yadi ya makontena na kusoma namba zilizoandikwa milangoni, jua likiwa utosini na mabati yakiwa hayashikiki. Jioni alikuwa anasoma kompyuta kwenye darasa moja la Kariakoo, na cheti chake tulikitundika ukutani, juu ya kitanda, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi.

Ofisi yao ilikuwa na kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya. Bosi akanunua ya tatu, laptop iliyotumika, kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Baada ya wiki chache ikagoma kuwaka, na diski zake za programu hazikuwepo. Mume wangu akasema anaweza kuifufua. Rafiki yake aliyekuwa chuo kikuu alimpa CD ya Linux, mfumo wa bure ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuugawa, hata kuufungua na kuurekebisha. Akauweka, mashine ikawaka. Bosi alifurahi, akasema mbele ya wafanyakazi wote: "Ukiileta Jumatatu inaongea na wenzake, kiti cha kompyuta ni chako. Ikikataa natafuta kijana anayejua, na wewe unarudi kwenye makontena yako."

Basi Ijumaa jioni laptop ililetwa nyumbani imefungwa kwenye khanga yangu kama mtoto mchanga.

Ili iongee na wenzake ilihitaji kadi, kitu chenye ukubwa wa karata na unene wa biskuti, kinachochomekwa ubavuni mwa mashine. Waya wa ofisi nao huchomekwa kwenye mkia wa kadi. Huko nyumbani hatukuwa na waya wala kompyuta nyingine, lakini mfumo ule ulikuwa na tabia moja iliyotusaidia. Ukichomeka kadi, mashine inalia mara mbili. Mlio wa kwanza ukiwa wa juu, maana yake imeona kadi. Wa pili nao ukiwa wa juu, kadi imewashwa, iko tayari. Wa pili ukishuka, mashine imeona kadi ila imeshindwa kuifanyisha kazi.

Yetu ilikuwa juu, chini.

Ilikuwa juu, chini Ijumaa yote jioni, na Jumamosi asubuhi ikaendelea. Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa, kwa hiyo kufikia chai ya saa nne kila mpangaji alikuwa ameshajua maana ya milio. Fundi cherehani alikuwa anasimamisha cherehani yake kila akisikia mlio wa kwanza. Ukifuata wa pili, anaendelea kushona huku anasema, "Chini tena, braza."

"Nimesikia," mume wangu anajibu.

"Nakukumbusha tu."

Mimi nilikuwa na kanuni moja, niliyoipata kwa kusikiliza mawakili wakihoji mashahidi: uliza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nikamwambia asibadilishe mambo mawili kwa pamoja, maana ikikubali hatutajua kilichoponya. Akakubali. Tukaanza na tundu, akalipuliza vumbi. Juu, chini. Akabadilisha programu ya kuendeshea kadi, akaweka ya toleo lingine lililokuwemo kwenye CD. Juu, chini. Nilikuwa namsomea karatasi za maelekezo ambazo rafiki yake alimchapia, zote kwa Kiingereza, yeye anabonyeza. Mchana umeme ukakatika, ilikuwa zamu yetu ya mgawo, na betri ya mashine ile ilikuwa imekufa kabla haijafika mikononi mwetu. Tukaanika nguo chumbani kwa sababu ya manyunyu, tukala, tukakaa.

Sasa nimlete mama mwenye nyumba. Alikuwa Mzaramo wa hapo hapo, mjane, sote tulimwita Bibi. Mume wangu ni Mnyamwezi. Babu zake walipita Uzaramo wakielekea pwani na mizigo kichwani, na tangu huko makabila hayo mawili ni watani. Mimi Mnyakyusa nilikuwa nje ya vita hiyo, ndiyo maana naweza kuisimulia bila upendeleo. Kila asubuhi ilianza hivi:

"Shikamoo, Bibi."

"Siitikii shikamoo ya mpagazi. Tua mzigo kwanza."

"Nimetua, ila nimesahau umesema nikuletee nini, maana mlikuwa mnapiga ngoma."

"Marahaba. Nenda zako kazini, usije ukachelewa."

Mtani ana ruhusa ya kukuchukulia kitu chako na kukishikilia mpaka ukikomboe. Sheria yake kubwa ni kwamba anayekasirika ndiye mwenye kosa, na faini yake inakuwa mara mbili. Mwezi mmoja kabla ya hapo, siku ya shughuli ya kumtoa mwali wa ndugu yake Bibi, mume wangu aliuteka mchi wa kinu, akaukalia mbele ya wageni mpaka akaletewa sahani ya pilau na kuku mzima. Bibi alicheka kuliko wote. Ningekuwa makini zaidi, ningejua kucheka kule kulikuwa na maana gani.

Jumapili asubuhi umeme ulikuwa bado haujarudi. Mume wangu alichomoa kadi, akaiweka dirishani, akaenda kuoga. Aliporudi dirisha lilikuwa tupu.

Bibi alikuwa uani, kwenye kigoda, anachambua mchele kwenye ungo.

"Bibi, hukuona kadi yangu?"

"Ya kliniki?"

"Ya kompyuta."

"Ah, ile inayolia juu, chini. Imetekwa."

Nilimtazama mume wangu. Tabasamu lilikuwepo, lakini shingo ilikuwa imekakamaa. Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Mtu mwingine angepaza sauti. Yeye alijua kwamba akipaza, kadi haitoki mpaka Jumanne.

"Mtani," alisema, "hiyo ni mali ya bosi wangu."

"Na mchi ule ulikuwa mali ya mama yangu mzaa chema. Lori la mkaa limenishushia gunia kule barabarani. Babu zako walitoka Tabora na pembe za ndovu wakafika hapa hawajalia. Wewe utalia kwa gunia la mkaa?"

"Nitaita mkokoteni."

"Mkokoteni haukuuteka mchi."

Wakati huo huo umeme ukarudi. Mume wangu akakimbilia chumbani, kama mtu anayedhani akifanya haraka ataukwepa mkaa. Usiku alikuwa amewaza jambo. Ndani ya kompyuta kila kifaa kina namba yake ya kubishia hodi, mashine ijue nani anaita. Alikuwa amekumbuka kwamba Jumamosi, kabla umeme haujakatika, kioo kilionyesha kadi inapewa namba tano, na kifaa cha sauti nacho kinabisha hodi kwa namba tano. Wapangaji wawili wenye hodi moja. Mwenye nyumba hajui amfungulie nani. Mfumo ule wa bure ulikuwa unakuruhusu kufungua faili na kuandika mstari mmoja wa kuukataza usitoe namba fulani. Akauandika mstari, akahifadhi, akanyoosha mkono dirishani kuchukua kadi.

Kisha akakumbuka, akavua shati.

Barabara yote ya mtaa wetu ilimwona Mnyamwezi akipita na gunia kichwani Jumapili, watu wanatoka kanisani na kofia zao. Fundi cherehani alisimama. "Huyo, amefika pwani huyo," alisema, na watoto wakapokea. Mume wangu alikuwa anacheka kwa meno tu. Aliingia uani, akalitua gunia miguuni pa Bibi, uso na mabega vikiwa vyeusi.

"Marahaba," Bibi akasema, ingawa hakuna aliyemwamkia.

Akaingia chumbani kwake na sisi nyuma yake. Akafunua debe la mchele, akauzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akaitoa kadi. Haikuwa imefungwa hata kwenye karatasi. Chembe za mchele zikamwagika, na kwenye vitundu vya kadi, vile vinavyopokea sindano za mashine, kulikuwa na vumbi jeupe. Mume wangu aliipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Ahsante, mtani," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena.

Aliifuta, akaipuliza, akaichomeka. Barazani cherehani ilinyamaza.

Juu.

Juu.

Sauti ya fundi ikaja kupitia juu ya ukuta: "Hiyo siyo chini, braza."

Mume wangu aliketi kitandani na masizi yake yote, juu ya shuka jeupe. Bibi alikuwa tayari ameweka mikono kiunoni. "Mchele wangu umeiponya. Chumba chenu kina unyevu, mnaanika nguo ndani kama popo. Kitu kilikuwa kimeshikwa na baridi."

"Ni mstari, Bibi. Nimeandika mstari."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Bibi aliinama, akautazama mstari ule mfupi kwenye kioo.

"Huo tu? Na mie nimetoa debe zima."

Hapo ndipo nilipoona kwamba kanuni yangu imevunjwa na hakuna aliyekusudia. Mambo mawili yalikuwa yamebadilika: mstari na mchele. Nikapendekeza jambo la haki. Aufute mstari, achomeke tena. Ikilia chini, mstari ndio ulioponya. Ikilia juu, Bibi ana kesi.

Mume wangu alinitazama kama nimemwambia tuuze kitanda. "Nifute halafu ikatae? Leo Jumapili."

"Utaurudisha."

"Na ukirudi ukakataa?"

Bibi, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa upande wake. "Mwache. Mgonjwa akipona haulizwi dawa."

Jumatatu nilishindwa kuchapa vizuri. Nilirudia shauri la mwizi wa baiskeli mara kadhaa. Jioni mume wangu aliingia na viatu visivyo na vumbi, na sikuwa na haja ya kuuliza. Bibi alimpokea mlangoni kwa sahani ya wali, akasema ni wa debe lile lile, ale aone dawa ilivyo tamu. Alikula wote.

Mashine ile ilifanya kazi zaidi ya mwaka. Kila nilipomkumbusha kuhusu jaribio langu alisema bosi yupo karibu, au kuna meli imeingia, au masika hayajaisha. Mstari haukufutwa hata mara moja. Mbele ya wafanyakazi wenzake alieleza habari za namba tano na hodi, vizuri kabisa, na mimi nilikuwa naelekea kumwamini.

Siku moja nilipita Kurasini kumpelekea funguo. Alikuwa ametoka kidogo, wakaniambia nimsubiri kwenye kiti chake, kile kile cha kompyuta. Laptop ilikuwa mezani, imezimwa, kadi haimo. Nikavuta droo nitafute kalamu, nikakuta kopo la kakao. Lilikuwa zito. Nikalifungua: mchele, karibu ujae.

Alipoingia nilikuwa bado nimelishika. Nikamuuliza mchele wa nini.

"Wa chakula cha mchana," alisema, akanipokonya kopo taratibu na kulirudisha kwenye droo.

Ofisi ile haikuwa na jiko.