Pedali za Simu ya Upepo

Mwaka wa pili wa kazi yangu ya unesi nilipangiwa zahanati ndogo mbele ya kijiji cha Mbingu, kwenye barabara ya kwenda Mlimba. Nilitoka Iringa kwenye baridi, nikaingia bonde ambalo hata kuta za nyumba zilitoa jasho. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Umeme haukuwapo. Tulikuwa na paneli moja ya sola juu ya bati, betri ya gari chini ya meza, na simu ya upepo niliyozungumzia na hospitali ya Ifakara mara mbili kwa siku, saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Nje ya saa hizo hakuna aliyekuwa anasikiliza.

Masika ikikolea, jua liliweza kupotea wiki nzima na betri ikafa kabisa. Kwa siku za namna hiyo wafadhili walituachia mtambo mwingine: kiti cha baiskeli, usukani, pedali mbili na jenereta ndogo, vyote vimefungwa kwenye fremu ya chuma isiyo na magurudumu. Mtu anakaa, anakanyaga, umeme unakwenda moja kwa moja kwenye simu. Watoto wa kijiji waliuita baiskeli ya wavivu kwa kuwa haifiki popote. Kuukanyaga ilikuwa kazi ya mhudumu wetu, mwanamume mwenye miguu ya mcheza mpira. Mimi nilishika kipaza sauti tu.

Mchana mmoja wa mwezi wa nne, mvua ikiwa katika siku yake ya tano, mwanamume mmoja alifika akisukuma baiskeli, mkewe amekaa kwenye keria akiwa na uchungu. Nyuma yao alitembea mama mzazi wa mume, mkulima wa mpunga wa miaka hamsini na kitu, beseni la nguo kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitika, kisha akakaa kwenye benchi la nje. Hakuingia ndani na mkwe wake.

Nilijua sababu. Yule binti alinisimulia siku za kliniki. Alizaliwa na kukulia kwenye kambi za wafanyakazi wa mashamba ya miwa, na wazazi wake walikuwa Waislamu waliotoka mkoa wa mbali. Familia ya mume ilikuwa ya Kikatoliki, ya hapohapo bondeni. Mama mkwe hakuwahi kumtukana. Ila alikuwa hamtaji kwa jina. Akitaka maji alisema, "Mwambieni huyo mgeni." Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu aolewe.

Nilipompapasa tumbo nilikuta kichwa cha mtoto ubavuni. Mtoto amelala kikingama, na uchungu umeshachanganya. Huyo asingezaliwa bila upasuaji, na upasuaji ulikuwa Ifakara. Daraja la upande huo lilikuwa limechukuliwa na maji. Nilimtuma mume akatafute mtumbwi na wanaume wa kubeba kitanda, naye akaondoka mbio. Mhudumu wangu alikuwa shambani kwake ng'ambo ya mto, maji yamemzuia huko siku ya pili. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasorobo.

Nikapanda mtambo mwenyewe. Nikakanyaga, taa ndogo ya simu ikawaka, nikanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Waya wake haukufika. Nilijaribu kuuvuta mtambo karibu na meza, lakini ulikuwa umefungwa kwenye sakafu kwa boliti. Nikatoka nje.

"Mama, nahitaji miguu yako."

Aliniangalia. "Tangu nizaliwe sijapanda baiskeli."

"Hii haiangushi. Haiendi popote."

"Nikipanda, itamsaidia huyo?"

"Wakinisikia Ifakara wataleta gari hadi ng'ambo ya daraja. Wasiponisikia, hakuna gari."

Hakuuliza tena. Alivua kandambili, akapitisha kanga katikati ya miguu na kuikaza kiunoni, kama anavyofanya mtu anayeingia kwenye jaruba la mpunga, akapanda. Nilimwonyesha kioo chenye mshale nikamwambia asiuache ushuke chini ya alama ya kijani. Mwanzoni aliruka ruka, mara mshale juu, mara chini. Kisha miguu ikapata mwendo, akatulia.

Nikabonyeza kitufe nikaanza kuita. Kusema kunakula umeme kuliko kusikiliza, kwa hiyo pedali zikakaza palepale.

"Imekuwa nzito," akasema.

"Ni kwa sababu nasema, mama. Nikiachia itakuwa nyepesi."

"Basi usiseme mengi."

Niliita mara tatu bila jibu. Mara ya nne sauti ya mwanamume ikaja, ndogo, imejaa mikwaruzo. Nikaeleza. Akauliza umri. Akauliza ni uzao wa ngapi, mapigo ya moyo wa mtoto yakoje, chupa imepasuka saa ngapi. Kila nilipojibu nilisikia mama akivuta pumzi nyuma yangu na fremu ikilia kwenye boliti zake.

"Jina la mgonjwa? Ova."

Kadi yake ya kliniki ilikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia alikolala, kwenye beseni la nguo. Kichwa changu kikawa tupu. Nilimjua binti yule tangu mimba yake ikiwa changa, na jina lake halikuja. Nikageuka. Mama alikuwa ameinamia usukani, jasho linadondoka kidevuni, macho kwenye mshale. Akalitaja. Alitaja jina lake, akataja la baba yake, akamalizia na jina la ukoo wao wenyewe, ukoo wa mume. Nikayarudia kwenye kipaza sauti, moja baada ya jingine. Nyuma ya pazia nikamsikia binti akilia, na kilio kile hakikuwa cha uchungu wa uzazi. Nawajua wanawake wanaojifungua, sauti hizo mbili hazifanani.

"Tumekupata. Gari linaondoka sasa. Ova."

Mama aliendelea kukanyaga hata nilipozima simu. Ilibidi nimshike bega. Aliposhuka alikaa chini sakafuni, nami nikakaa karibu yake kidogo, nikimfuta uso kwa kitambaa changu.

Wanaume walifika na mtumbwi, tukambeba binti kwa kitanda hadi majini. Nilimwambia mama abaki apumzike. Alinipita kama hajasikia, akaingia mtumbwini na kukipakata kichwa cha mkwe wake, akimkinga mvua kwa kanga ileile. Gari lilikuwa limeshafika ng'ambo.

Kesho yake saa mbili asubuhi jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alinikanyagia pedali. Nikaambiwa ni msichana, mama na mtoto wazima. Mwalimu alicheka hadi akaacha kukanyaga, umeme ukakatika.

Baada ya hapo sikutaka tena kutegemea miguu ya mtu mmoja. Kila Jumamosi mchana nilifungua chumba cha simu, na wanawake wakaja kujifunza. Barabara ilipofunguka, yule mama alirudi akawa mwalimu wao. "Msikanyage kwa hasira," aliwaambia. "Mtachoka kabla nesi hajamaliza."

Wakati wa mavuno niliwatembelea shambani kwao. Binti alikuwa katikati ya mpunga na mumewe, kisu mkononi, bado mwepesi kuchoka kuliko wenzake. Bibi alikuwa kivulini, mjukuu amelala mapajani, anamfukuzia nzi. Aliponiona alisogea anipishe kwenye mkeka, akanipa mtoto nimshike, akaenda kuchochea moto. Tulikula wali wa mchele mpya kwa kambale.