Salamu Ndefu kwa Kijapani

Nilijifunza Kijapani nyumbani kwangu Kasulu kwa miaka mitatu, kwa kadi nilizokata kwenye maboksi ya sabuni. Kila asubuhi, tukichambua maharage, mke wangu alinisalimia kwa Kiha nami nikamjibu kwa Kijapani: habari za nyumbani, watoto, mifugo, shamba.

Usaili wa kozi ya ufugaji nyuki huko Japani ulikuwa wa dakika kumi, kwa simu. Mwalimu wa kule aliponisalimia, nikafanya nilivyozoea: nikamuuliza habari za nyumbani, za wazazi, za mazao.

Mke wangu akaninong'oneza, "Baba watoto, na nyuki je? Utasalimia mpaka saa ngapi?"

Sikuweza kuacha. Kwetu Waha, kukatisha salamu ni kumdharau mtu.

Mwalimu akasema taratibu kwamba mama yake amelazwa. Zilibaki dakika nne, na kuhusu nyuki sikuwa nimesema neno. Nikamuuliza kama mama anakula. Tuliongea hayo mpaka muda ukaisha.

Majibu yanatoka wiki ijayo. Simu ikilia, nashtuka.