Habari ya Maktaba

Enzi hizo za Waingereza, Mwalimu Apendi hakuwa mtu wa kumeza hasira. Alitoka kijijini Mella kwa baiskeli kufuata kitabu alichokiomba tangu mwaka uliotangulia kwenye tawi la maktaba ya chuo kikuu mjini Tororo, akaambiwa tena hakijafika. Mzungu aliyetumwa kupima huduma alikuwa pale akichekelea kwamba wasomaji wameridhika: kila msomaji aliyemuuliza "Habari ya maktaba?" alijibu "Nzuri."

"Bwana, hiyo ni salamu!" Apendi akawaka. "Vitabu vinaliwa na mchwa, nawe unasema tumeridhika? Juzi nilimzika mama yangu. Haya, niulize habari ya nyumbani."

Mzungu akauliza kwa sauti ya chini, "Habari ya nyumbani?"

"Nzuri!" Apendi akamfokea.