Asubuhi Tano na Mashine ya Moshi

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku dogo, ukubwa wa redio ya mkononi. Inavuta hewa kwa mrija, inaimulika kwa taa iliyo ndani, na chembe za moshi zikitawanya mwanga, namba inapanda. Chuoni niliielewa vizuri. Ndiyo maana niliogopa: kwenye kitu nisichokijua nina kisingizio, hapa sikuwa nacho.

Ofisi ndogo ya kupima hewa, mtaani Kasuku, ilinipa asubuhi tano za majaribio. Nipime moshi wa pikipiki na jenereta kando ya bandari, nimpelekee shefu, mkuu wa ofisi, namba. Akiridhika, nina kazi. Asiporidhika, narudi kwetu Alunguli, ng'ambo ya mto, kuuza maandazi na mama.

Kila alfajiri nilivuka mto Lualaba kwa mtumbwi, mashine mapajani kama mtoto mchanga. Saa kumi na mbili niliiwasha. Hapakuwa na pikipiki hata moja, na namba ikapaa kana kwamba mji mzima unaungua. Saa mbili pikipiki zikawa zinakohoa kila upande, moshi mweusi unaonekana kwa macho, na namba ikashuka.

Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu nikaanza kujishuku. Labda niliitikisa mtumbwini. Labda ilikuwa inapima pumzi yangu. Nikawa nazuia pumzi kila nikiisoma, mpaka mwendesha pikipiki mmoja akaniuliza, "Enjenieri, uko mugonjwa ao unaomba?"

Mchana wa siku ya tano nikaipeleka jikoni kwa mama. Karibu na kuni namba ikapanda, nikashusha pumzi. Kisha mama akafunua sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, mvuke ukanipiga usoni, na namba ikapanda kupita ya kuni.

"Mama, inasema sombe yako ni moshi!"

"Basi mashine yako ndiyo mujinga." Akaitazama, kisha akaanza kucheka. "Lakini tusiicheke sana. Hata wale askari wa darubini walishindwa."

Wakati wa vita tulikimbilia msituni, upande wa barabara ya Kalima. Nilikuwa mdogo, ninachokumbuka ni kwamba chakula cha moto kilikuwa cha asubuhi tu, jioni tulikula mihogo baridi. Nilikua nikidhani watu wa msituni wote hula hivyo.

"Ukungu ukiwa chini, tunawasha moto," mama alisema huku akikoroga. "Ukipanda, tunazima. Mutu akitafuta moshi wetu kutoka mbali, anaona weupe tu. Na wewe unalia kila jioni, unataka chai! Baba yako alikuziba mudomo na muhogo."

Nilicheka naye, kisha nikaitazama tena mashine. Ukungu wa Lualaba ni matone madogo ya maji, na matone hutawanya mwanga kama moshi. Namba zangu zote za alfajiri zilikuwa ukungu.

Furaha yangu ilidumu dakika moja. Sasa nimwambie nini shefu? Ningeweza kuzipunguza namba zile kidogo, nani angejua? Badala yake nikaandika barua ya maelezo, kurasa tatu. Mama akaiona. "Mwambie kwa mudomo. Hiyo ataisoma mwaka kesho."

Asubuhi iliyofuata nilisimama mbele ya meza yake. "Shefu, namba za alfajiri si moshi. Ni ukungu." Nikamweleza mpaka habari ya sufuria.

Aliinamisha kichwa kwa kicheko. "Aliyekutangulia aliniletea namba nzuri, za alfajiri ndogo, za mchana kubwa. Nikamuuliza ukungu aliuficha wapi. Mpaka leo hajanijibu. Utarudia zote, kuanzia saa nne, jua likishakausha hewa."

Akanisogezea karatasi ya mkataba wa kazi. Niliisoma mara nne, nikitafuta mahali walipokosea.

"Tia sahihi, mutoto," akasema, "kabla mashaka yako hayajaniingia na mimi."