Nilivyomwoza Mdogo Wangu Mpakani mwa Malawi

Mimi nikivuka Mnazi Mmoja kwenda mjini huwa naaga, kwa hiyo siwezi kudai kuwa Malawi niliitamani. Kilichonitoa Kariakoo ni mdogo wangu Zainabu, mjane aliyekuwa akiishi Karonga. Alikuwa amechumbiwa na Saidi, muuza samaki wa hukohuko. Baba yetu hayupo, basi walii wa kumwoza ni mimi, na ndoa ilikuwa Ijumaa. Nilipendekeza nitume uwakala kwa barua, mtu wa hukohuko amwoze kwa niaba yangu.

"Utamwoza mdogo wako kwa stempu?" akauliza mama.

Wiki mbili kabla ya safari nilikwenda kwa Mangi, mwenye duka la jirani, aliyewahi kupita huko.

"Shikamoo, Mangi."

"Marahaba. Nasikia unatoka nje ya nchi. Mama yako anajua?"

"Ndiye anayenifukuza."

"Basi sikiliza. Nywele kata. Hilo bugaluu lako liache. Mwanamume mwenye suruali ya kufagia njia wanamrudisha palepale. Gazeti la hapa usibebe hata la kufungia andazi. Ukiulizwa siasa, huijui. Na ofisa usimwite ndugu."

Ubalozi wao Dar haukuwapo, maana serikali zetu hazikuwa zikiangaliana vizuri. Kibali ningeomba mpakani. Nikatafuta pasi ya kusafiria, nikachanjwa ndui na kipindupindu, nikanyoa, nikaazima suruali nyembamba ya binamu yangu. Kuketi ndani yake kulihitaji mpango.

Jumatatu, siku ya kuondoka, nilipita kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi kuchukua barua. Kwetu mtu hasafiri bila barua ya mjumbe, hata akienda Morogoro. Mjumbe mwenyewe, Mama Tausi, akaandika, akagonga muhuri wa chama mara mbili kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Nikaiweka ndani ya pasi.

Treni ilinifikisha Mbeya, basi likanishusha Kyela. Alhamisi saa sita mchana nilikuwa kwenye kizuizi cha ng'ambo ya Mto Songwe. Ofisa alitazama nywele, akatazama miguu ya suruali, akaridhika. Akafungua pasi, barua ikaanguka mezani. Akaisoma kwa sauti, Kiswahili chake kikiwa kizuri kuliko nilivyoomba.

"'Mwanachama hai na mwaminifu. Asaidiwe katika kazi zake zote.' Kazi zipi?"

"Kuozesha, bwana mkubwa."

"Chama kimekutuma kuozesha?"

"Mama ndiye kanituma. Chama kimegonga muhuri tu."

Aliondoka na barua ndani, mimi nikabaki kwenye benchi. Saa kumi akarudi.

"Huingii."

Nikamweleza yote: Zainabu, Saidi wake, baba, Ijumaa. Nilikuwa nimesimama, maana suruali ilikuwa imeshanishinda.

"Saidi yupi? Yule wa samaki, mwenye pengo?"

"Sijamwona, bwana. Ndiyo kwanza naja kumwoza."

Akacheka kidogo. Akamwita dereva wa lori lililokuwa likielekea Karonga, akampa ujumbe. "Wewe huingii," akaniambia tena. "Ila wao wakija hapa, sijaona kosa."

Nililala Kyela. Ijumaa asubuhi nikarudi kizuizini, na saa nne walifika: sheikh, mashahidi wawili, Saidi na pengo lake, na Zainabu ndani ya buibui. Tuliketi kwenye lile benchi la kizuizini. Sheikh akanishika mkono, akauunganisha na wa Saidi, nikatamka maneno ya kuoza. Zainabu alilia, kisha akanitazama miguuni.

"Kaka, nani kakuvalisha hivyo?"

Saa sita wakawahi lori lao la kurudi. Mimi nikarudi Kyela kutafuta basi.

Siku hizi watu wa mtaa wakitaka kwenda Malawi wanaletwa kwangu. Nawaambia: nywele fupi, suruali nyembamba kiasi, cheti cha chanjo, na barua ya mjumbe ibaki kwa mjumbe. Wakiuliza nchi yenyewe ikoje, nawaambia ninavyojua. Ina benchi moja refu, na ofisa mmoja mwenye huruma.